Bomba Nililoliosha kwa Sabuni

Nyie vijana mnaosomea kilimo mna tabia moja. Mnakuja hapa kwangu Igoma, mnanipa shikamoo, mnaniuliza homoni za mimea ni kitu gani, halafu kabla sijafungua mdomo mko kwenye simu. Haya, leo nimeamua kuandika. Mtasoma mkitaka, na asiyetaka aache, mimi pensheni yangu inaingia vilevile.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti wa pamba, huku kwetu Mwanza. Sikuwa mtafiti. Nilikuwa fundi wa maabara, yule anayeosha vyombo, anayehesabu majani, na anayelaumiwa kitu kikivunjika. Watafiti walikuja wakaenda masomoni Ulaya, wengine hawakurudi. Mimi nilibaki na rula yangu.

Rula ilikuwa ya kupima nyuzi za pamba. Unachukua mbegu moja na nyuzi zake, unaiweka kwenye ubao uliovikwa mahameli nyeusi, unazichana taratibu kwa kitana kidogo mpaka zisimame kuizunguka mbegu pande zote, halafu unapima. Ukichana kwa hasira zinakatika, na kipimo chako ni uongo. Mwezi wa kwanza nilikata nyuzi nyingi kuliko nilizopima.

Aliyenifundisha ni Mzee Kulwa, mkuu wa chumba cha mimea. Alikuwa mtu wa maneno machache na dharau nyingi. Siku moja alinishika mkono akachomoa unywele mmoja wa pamba akaniuliza, "Veronika, hapa unaona seli ngapi?" Nikasema maelfu. Akacheka mpaka akakaa. Ni seli moja. Kila unywele wa pamba ni seli moja tu iliyoota kwenye ngozi ya mbegu, ikarefuka mpaka ukaweza kuishika kwa vidole. Shati ulilovaa ni seli hizo zimesokotwa. Nilikuwa nimevaa pamba tangu nizaliwe na sikujua hilo.

Inarefukaje? Hapa ndipo mnapochoka, lakini vumilieni. Mzee Kulwa alikuwa na mpira wa ngozi wa zamani, ule wenye blada ndani na kamba ya kufungia nje. Aliujaza upepo mpaka ukawa mgumu, akasema, "Ongeza." Nikaongeza, haukukua hata kidogo, maana ngozi ilikuwa imeubana. Akalegeza kamba kidogo, blada ikatutumka pale pale. Akasema seli ya mmea ndivyo ilivyo. Ndani kuna maji yanayosukuma muda wote, nje kuna ukuta uliofumwa kwa nyuzi za selulosi. Maji peke yake hayakuzi kitu. Mpaka ukuta ulegezwe.

Anayetoa amri ya kulegeza ni homoni. Kubwa yao inaitwa auksini. Ikifika, seli inamwaga asidi kidogo kwenye ukuta wake yenyewe, vishikizo vinavyozibana nyuzi za selulosi vinalegea, maji yanasukuma, seli inarefuka. Halafu selulosi mpya inafumwa, ukuta unakaza tena. Kulegea na kukaza, kulegea na kukaza, huko ndiko kukua. Kwenye pamba, ua linafunguka asubuhi likiwa jeupe, kesho yake limekuwa la waridi. Tulilifunga uzi siku ya weupe ili tujue umri wa tumba. Tangu siku hiyo unywele unarefuka kwa karibu wiki tatu, baada ya hapo ukuta unaanza kunenepa kwa ndani na urefu umekwisha. Mvua ikikosekana katika wiki hizo tatu, nyuzi ni fupi, na hakuna mbolea ya kuzirefusha baadaye.

Kuna homoni nyingine ambayo ni hewa. Wauza ndizi wa soko la Mirongo wanaijua bila kusoma: unaweka ndizi moja mbivu ndani ya gunia la mbichi, unafunga, zote zinaiva. Mimi nilikuwa najua hilo na bado nikaweka mkungu wangu wa ndizi kwenye kabati la vioo tulimokuza pamba iliyokuwa imechanua, kwa sababu nyumbani panya walikuwa wengi. Baada ya siku nne vitumba vyote vichanga vilikuwa chini sakafuni. Hewa ile inaiambia pamba iachie mzigo. Jaribio la miezi miwili likafa. Mzee Kulwa alifungua kabati, akatazama, akachuma ndizi akaanza kula. Alikula tatu. Akasema, "Andika: ndizi za Veronika." Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari la kituo. Nadhani maneno hayo bado yamo.

Hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. Ninalotaka kuwaambia si la kuchekesha, kwa hiyo wekeni simu chini.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kinamletea mkulima mbegu, dawa na bomba la kupulizia, kisha kinanunua pamba yake, safi kwake na fifi, ile chafu yenye madoa, kwake. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, wanachukua safi na fifi kwenye gunia moja, na wengine hawakujali kama ndani mna mchanga. Hela ilitoka papo hapo, watu wakafurahi. Lakini mabomba ya ushirika yaliharibika na hakuna aliyeleta mengine. Dawa zikawa zinauzwa gengeni kwenye chupa za soda. Na sisi watumishi wa serikali tukawa tunasubiri orodha ya kupunguzwa kazi. Kila Ijumaa mtu alikuja na habari kwamba orodha imeshafika, na kila Jumatatu ilikuwa haijafika. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kwenye kiwanda kimoja cha Nyakato.

Stoo ya mabomba ilikuwa chini yangu. Mzee Kulwa, kabla hajastaafu, aliniachia sheria moja: bomba la dawa ya magugu lipakwe rangi nyekundu na lisikanyage shamba la pamba milele. Ile dawa ya magugu tuliyotumia kwenye mahindi ni auksini ya kutengenezwa kiwandani. Mahindi yanaivumilia. Mimea ya majani mapana haiivumilii, na pamba ndiyo ya kwanza kuumia, kwa tone dogo usiloweza kuliona. Mmea unaijua auksini yake, unaitumia halafu unaivunja. Hii ya kiwandani hauwezi kuivunja. Amri ya kulegeza inakuja na haiondoki, kuta zinalegea mahali pasipostahili, upande mmoja wa shina unarefuka kuliko mwingine, mmea unajipinda mpaka unajinyonga.

Mwaka ule nikabakiwa na mabomba mawili mazima. Moja jekundu. Akaja Masanja, mkulima wetu wa majaribio kutoka kijiji kimoja cha ufukweni, mtu wa makamo, mchapakazi. Funza wa vitumba walikuwa wameingia shambani kwake. Lile bomba safi lilikuwa limechukuliwa na mtafiti. Masanja akasema, "Dada, nikingoja hadi wiki ijayo watakuwa wamemaliza." Nikalichukua lile jekundu, nikaliosha kwa sabuni ya unga, maji mara tatu. Nikanusa, halikunuka. Nikampa.

Sabuni haitoshi. Dawa ile inaingia kwenye mpira wa bomba na kwenye washa zake, vile vipete vya kuzuia kuvuja, inakaa humo kimya. Nilikuwa najua. Nilijiambia kwamba mara tatu zinatosha.

Siku kama kumi baadaye, Jumatatu, Masanja alirudi na bomba langu na majani ndani ya mfuko wa nailoni. Akayamwaga mezani. Yalikuwa membamba, yamechanika vidole vidole kama ya bamia, mishipa imesimama. Nilijua kabla hajamaliza kuyamwaga. Tukaenda shambani kwake na pikapu ya kituo, nikakuta matuta yake yote yamejipinda, vichwa chini. Na hatua mbili pembeni, ng'ambo ya mpaka wa mkonge, shamba la mama yake mdogo lilikuwa la kijani, limesimama wima, halina doa.

Huyo mama mdogo ni Bibi Mbuke, mke mdogo wa marehemu baba yake Masanja. Alikuwa anaishi peke yake, nyumba moja ya udongo na jikoni yake. Hakuwa na bomba wala hela ya dawa, kwa hiyo pamba yake haikupuliziwa chochote. Funza alikuwa anawaokota kwa mkono, mmoja mmoja, anawaweka kwenye kopo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, moshi mtupu. Mkijua Usukumani kwetu mnaelewa macho mekundu ya bibi kizee yalivyosomwa: ni ya mchawi.

Masanja akaniuliza, "Dada mtaalamu, hii ni nini?"

Nikasema, "Ni ugonjwa."

Neno hilo moja. Niliogopa orodha, basi. Nilifikiri: msimu mmoja utapotea, atapanda dengu, mwakani nitamtafutia mbegu nzuri. Kwa hesabu zangu aliyeumia ni Masanja peke yake.

Niliporudi Alhamisi kuchukua sampuli za uongo za ugonjwa wa uongo, nikaelewa nilichokifanya. Wengine kijijini walikuwa wamesema ni maji ya ziwa, maana siku zile magugumaji yalikuwa yamefunika ufukwe wote na Masanja aliyasukuma kando ili achote ya kuchanganyia dawa. Hilo lingeweza kutosha. Lakini mtaalamu wa serikali alikuwa ameshasema ni ugonjwa, na wao si wajinga. Kaka yake Masanja aliniambia kwa upole kabisa, "Ugonjwa gani unafika kwenye mkonge halafu unageuka? Ugonjwa haujui mipaka ya watu. Huu umetumwa." Mganga alikuwa ameshaulizwa. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili baada ya ibada, na Bibi Mbuke ameambiwa awe amefungasha.

Nikaenda kumsalimia. Alikuwa anaanua michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Aliniitikia marahaba, akanitolea kigoda, akanipa michembe na karanga. Nikamuuliza atakwenda wapi. "Kwa kaka yangu, Geita," akasema, halafu akaendelea kuanua. "Lakini kaka yangu amekufa." Alisema hivyo kama anayenieleza njia ya kwenda dukani. Mwaka uliopita bibi mwingine wa kijiji cha pili alikuwa amekataa kuhama. Sina haja ya kuwaambia yaliyompata.

Jioni hiyo nikaenda kwa Mzee Kulwa, alikuwa amestaafu anakaa Nyakato, anafuga kuku. Nikamweleza yote. Nikasema nataka kufanya jaribio: nijaze bomba maji, niyaache humo usiku kucha ili dawa itoke kwenye mpira, niyapulizie kwenye mche wa maharage, maharage yajipinde, ndipo niwe na ushahidi.

"Jaribio la nini?" akauliza. "Wewe jibu hulijui?"

"Nalijua, mzee. Ni wao hawataniamini."

"Wao hawataamini, au wewe hutaki kusema?"

Akaenda kufungia kuku wake. Hakuniaga.

Jumamosi nikajaza bomba maji na vijiko vichache vya ile dawa ya funza, maana mafuta yake ndiyo yanayoitoa auksini kwenye mpira. Jumapili nikalibeba mgongoni mpaka kikaoni. Walikuwa watu kama ishirini, wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye khanga. Bibi Mbuke alikaa pembeni na mzigo wake umefungwa. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema: nilidanganya Jumatatu, hakuna ugonjwa, bomba nililompa Masanja lilikuwa la dawa ya magugu, nililiosha vibaya mimi mwenyewe, na pamba ya bibi imepona kwa sababu haikupuliziwa.

Halafu kaka yake Masanja akauliza, "Bibi amekupa nini?"

"Michembe," nikasema, na wengine nyuma wakacheka, lakini yeye hakucheka.

"Dawa ya magugu inaua," akaendelea. "Inakausha. Hii pamba haijakauka. Imekunjwa. Nani alishaona dawa inakunja mmea?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wenye digrii. Nikajaribu kueleza ukuta na maji na kulegea, nikaona macho yanahama. Nikasema basi nipeni tuta moja la pamba nzima, nipulizie maji ya bomba hili mbele yenu, mngoje siku tatu.

Nani atoe tuta lake? Ndipo Bibi Mbuke akasimama, akasema, "Puliza langu." Akatangulia. Tukamfuata wote. Akachagua mwenyewe, tena si la pembeni. Alichagua la katikati, lenye vitumba vikubwa. Nikapuliza nusu ya tuta kwa bomba langu. Kwa nusu nyingine nilichanganya dawa ile ile ya funza na maji kwenye ndoo, Masanja akainyunyiza kwa ufagio wa majani, ili asije mtu akasema kosa ni la dawa ya funza. Mjumbe wa nyumba kumi akaweka kijiti mahali nusu mbili zilipokutana.

Wakakubaliana kungoja hadi Jumatano. Mzigo wa bibi ulibaki umefungwa.

Jumatatu nilimwandikia mkuu wa kituo kila kitu, kwa mkono wangu. Aliniita, akaniuliza kama nina wazimu, akasema ningeweza kuandika "ugonjwa usiotambulika" na dunia ikaendelea. Nikapewa barua ya onyo, funguo za stoo zikachukuliwa. Orodha ya kupunguzwa ilitoka miezi kadhaa baadaye na jina langu halikuwemo. Mpaka leo sijui ni kwa nini. Kwa hiyo nilichokiogopa hakikutokea, na ningeweza kusema kweli siku ya kwanza bila kupoteza zaidi ya funguo.

Jumatano nilifika mapema na nikakuta watu wameshafika kabla yangu. Walikuwa wamesimama kwenye kijiti. Upande wa ufagio, pamba ilikuwa wima. Upande wangu, vikonyo vya majani vilikuwa vimejikunja kwenda chini na ncha zote zimelala ubavu. Niliwaonyesha shina moja: upande wa juu umerefuka, wa chini umebaki, ndiyo maana limeinama. Kaka yake Masanja alichuchumaa akalipapasa kwa muda mrefu. Masanja akasema taratibu, "Nilianzia kule kwenye mwembe mdogo. Kule ndiko kubaya zaidi. Mwisho wa shamba ni afadhali." Nikamwambia ndivyo, mjazo wa kwanza wa bomba ulibeba dawa nyingi, wa mwisho kidogo. Akatazama shamba lake lote tena, akavua kofia.

Mjumbe akatangaza kwamba kikao kimefungwa na bibi hahami. Hakuna aliyemwomba radhi kwa maneno. Kaka yake Masanja aliuchukua ule mzigo akaurudisha ndani ya nyumba, akatoka, akaenda zake. Kwa watu wale hilo lilikuwa tendo kubwa, nami sitawabeza.

Haya ndiyo ya kitaalamu, yaandikeni. Bomba la dawa ya magugu liwe peke yake. Kama huna budi, osha kwa amonia, liache limejaa siku nzima, kisha jaribu kwenye maharage machanga, ungoje siku tatu. Maharage ni ya bei nafuu. Na chupa isiyo na lebo usiifungue, hata muuzaji akiapa kwa mama yake.

Lisilo la kitaalamu ni hili. Watu walipotawanyika nilibaki na Bibi Mbuke kwenye tuta lake lililojikunja. Nilimwambia nitamfidia vitumba vile. Nikamwambia nisamehe bibi. Alikuwa anang'oa ile miche iliyoharibika, mmoja mmoja, anailaza chini kwa mpangilio. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile ya kwanza, bibi. Nilipoyaona majani."

Akaacha kung'oa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka akafika Jumapili ya kikao.

"Nilikuwa nakaa nyuma ya mlango na panga," akasema. "Usiku wote. Kumbe Jumatatu ile ile ningelala."